Michezo ya Kompyuta kwa Njia ya Halali

Ndugu mwanafunzi, michezo mingi tunayopeana kwenye flashi imenakiliwa bila ruhusa ya mwenyewe. Je, ipo njia ya halali kwa asiye na pesa? Naam, ipo. Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland. Hupatikana bure, na leseni yake inaruhusu kuunakili na kumpa mwenzako. Michezo ya SuperTux, SuperTuxKart na GCompris, unaowafundisha watoto herufi na hesabu, ina ruhusa hiyo hiyo. Michezo mingi ya Windows nayo huchezeka kwa programu ya Wine, iliyoanza mwaka 1993. Lakini mchezo unaouzwa, ununue. Wine haihalalishi nakala ya wizi. Na adhana ikisikika, zima kompyuta.