Dakika kumi za Ferrari: Nani anapata faida Maranello?

Mtu akishuka basi mjini Maranello, kaskazini ya Italia, mara nyingi hukutana na magari mekundu yaliyopangwa kando ya barabara hata kabla hajayafikia makumbusho ya Ferrari. Kila gari lina bango la bei. Magari hayo hayauzwi. Zinazouzwa ni dakika.

Biashara hiyo ndiyo kiini cha ziara za siku moja zinazouzwa kwa wageni wanaofikia Bologna, Florence au Milan. Mgeni huchukuliwa hotelini asubuhi, hupelekwa makumbusho moja au mawili, hula chakula cha mchana, kisha hupewa usukani wa gari la kifahari kwa dakika kadhaa huku mkufunzi amekaa pembeni. Jioni hurudishwa alikotoka. Kwa mtalii hiyo ni kumbukumbu ya maisha. Kwa mfanyabiashara anayeitazama kwa jicho la hesabu, ni mfano wa jinsi wenye mtaji mdogo wanavyoweza kula kwenye sahani ya kampuni kubwa bila kuwa wabia wake.

Wenye magari yale ya barabarani si Ferrari. Ni makampuni madogo ya watu binafsi, yaliyonunua magari yaliyokwisha kutumika na kukodi ofisi karibu na mlango wa makumbusho. Wanafanana na wenye hoteli waliojenga nje ya lango la hifadhi ya wanyama: simba si wao, lakini wageni wanalala kwao.

Ukanda wa magari

Ukanda wenyewe ni mdogo. Ferrari ipo Maranello, kilometa 18 hivi kutoka Modena. Lamborghini ipo Sant'Agata Bolognese, Maserati ipo Modena, na Pagani, inayotengeneza magari machache sana kwa mwaka, ipo San Cesario sul Panaro. Pikipiki za Ducati zinatoka Borgo Panigale, pembeni mwa Bologna. Ukaribu huo ndio unaowezesha ziara kukamilika kwa siku moja. Kama viwanda hivi vingetawanyika Italia nzima, gharama ya mafuta na muda wa dereva zingekula faida yote.

Enzo Ferrari alizaliwa Modena mwaka 1898, akahamishia karakana yake Maranello mwaka 1943 wakati wa vita, na gari la kwanza lenye jina lake likatoka mwaka 1947. Ferruccio Lamborghini alikuwa mtengenezaji wa matrekta kabla ya kuingia kwenye magari mwaka 1963. Kampuni yake imekuwa mikononi mwa Audi ya Ujerumani tangu 1998. Makumbusho ya Maranello yalifunguliwa mwaka 1990, na yale ya Modena yanayohusu maisha ya Enzo yakafunguliwa mwaka 2012.

Jambo moja huwashangaza wageni wengi: tiketi ya makumbusho haimpi mtu ruhusa ya kuingia kiwandani. Anayetaka kuona zaidi hupanda basi maalum linalopita katika barabara za ndani ya kiwanda na kwenye uwanja wa majaribio wa Fiorano, abiria wakiwa wamekaa vitini. Ndani ya makumbusho kuna mashine za kuigiza uendeshaji wa gari la mashindano. Kuendesha gari lenyewe hakumo kwenye tiketi. Hapo ndipo wale wa nje ya mlango wanapopata nafasi yao.

Uhaba ndiyo bidhaa

Ferrari ilikabidhi kwa wateja magari 7,664 mwaka 2015. Mwaka 2024 yalikuwa 13,752. Ni ongezeko kubwa kwa kampuni hiyo, lakini Toyota pamoja na kampuni zake tanzu huuza zaidi ya magari milioni 10 kwa mwaka. Mapato ya Ferrari yaliyotokana na magari na vipuri mwaka 2024 yalikuwa yuro bilioni 5.73. Ukigawa kwa idadi ya magari unapata karibu yuro 416,000 kwa kila gari. Kiasi kinachokaribia moja ya tano ya mapato hayo hutokana na matakwa ya wateja: rangi ya pekee, ngozi ya viti, uzi wa mshono. Mteja hulipia uzi.

Kampuni ingeweza kutengeneza magari mengi zaidi. Haifanyi hivyo kwa sababu gari likijaa mitaani bei yake hushuka, na ikishuka bei ya lile lililotumika, mnunuzi wa jipya naye husita. Kwa hiyo mteja husubiri, mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja, na kwa yale matoleo maalum kampuni ndiyo inayochagua ni nani auziwe, ikianza na wateja wake wa zamani. Mtu wa kawaida hata akiingia duka la Ferrari na pesa mkononi hapewi funguo za kujaribia kama anavyopewa kwenye duka la magari ya kawaida.

Matokeo yake ni kwamba kuna mamilioni ya watu duniani wanaolijua gari, wanalipenda, wana uwezo wa kutoa yuro mia moja au mia mbili, lakini hawana pa kuzitoa. Wafanyabiashara wa Maranello wameliona pengo hilo.

Hesabu ya gari moja

Bei hutofautiana kwa aina ya gari, urefu wa njia na msimu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mtu ananunua Ferrari iliyotumika kwa yuro 100,000 na kuuza dakika 10 kwa yuro 100. Akipata wateja wanane kwa siku, mauzo ni yuro 800. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Italia ni asilimia 22, na ikiwa imo ndani ya bei, kinachobaki ni kama yuro 656. Akifanya kazi siku 120 za msimu mzuri, anakusanya karibu yuro 78,700.

Kwa haraka haraka inaonekana kama fedha ya gari imerudi kwa misimu miwili. Haijarudi. Katika kiasi hicho lazima alipwe mkufunzi, ofisi, petroli, na bima ambayo ni ghali kwa sababu kila siku dereva ni mgeni. Gari linalowashwa, kukanyagwa kwa nguvu na kuzimwa mara nane kwa siku hula matairi na breki upesi, na vipuri vya Ferrari haviuzwi kwa bei ya vipuri vya Corolla. Tena siku za baridi na mvua, watalii wakiwa wachache, gari linakaa gereji na deni la benki haliendi likizo.

Ipo pia kodi ya nguvu ya injini. Utaratibu ulioanza mwaka 2012 ulimtaka mwenye gari alipe, juu ya kodi ya kawaida ya barabara, yuro 20 kwa mwaka kwa kila kilowati inayozidi 185. Gari aina ya F430 lina kilowati 360, kwa hiyo zinazozidi ni 175 na kodi ni yuro 3,500. Lakini kodi hiyo hupungua kadiri gari linavyozeeka: miaka mitano baada ya kutengenezwa inalipwa asilimia 60, miaka kumi asilimia 30, miaka kumi na tano asilimia 15, na baada ya miaka ishirini haitozwi. F430 iliyopita miaka kumi na tano inadaiwa yuro 525 badala ya 3,500.

Hiyo ni sababu mojawapo ya mgeni kukuta magari mengi si ya toleo la mwisho. Yeye haoni tofauti sana. Rangi ni nyekundu, nembo ya farasi ipo, injini inanguruma. Mwenye gari anaiona tofauti kila mwisho wa mwaka. Na kuna faida nyingine iliyojificha: Ferrari ya zamani iliyotunzwa vizuri huweza kushikilia thamani yake kuliko magari mengine. Kama gari litauzwa baadaye karibu na bei lililonunuliwa, biashara inalipa. Likianguka bei, zile yuro 656 za kila siku zilikuwa mtaji wenyewe ukirudi vipande vipande. Kwa hiyo mwenye biashara hii kwa kweli anacheza na bei ya gari. Dakika kumi zinamlipia gharama za kusubiri.

Mteja anabeba nini

Upande wa mteja, bei ya bangoni si hatari yote. Mikataba ya aina hii huwa na kiasi cha hasara ambacho dereva anabeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na kiasi hicho huweza kufikia maelfu ya yuro. Mara nyingi kadi ya benki huzuiwa dhamana kabla ya funguo kutolewa. Kampuni nyingine huuza nyongeza ya kupunguza hasara hiyo. Yuro chache za nyongeza zinaweza kuwa ndiyo fedha iliyotumika kwa busara kuliko zote siku hiyo, lakini lazima mteja asome kama rimu za magurudumu, kioo na sehemu ya chini ya gari zimo. Gari hili liko chini sana, na tuta moja la barabarani linatosha kulikwaruza.

Leseni nayo ni suala. Mwenye leseni iliyotolewa nje ya Umoja wa Ulaya hutakiwa awe na kibali cha kimataifa cha kuendesha, au tafsiri rasmi ya leseni yake. Kibali hicho kinapatikana nyumbani kabla ya safari. Kukikumbuka Maranello ni kuchelewa. Mgeni kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala akumbuke pia kwamba Italia wanaendesha upande wa kulia, na kwamba gia za magari haya hubadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani.

Kisha kuna mwendo. Gari lina uwezo wa kilometa 300 kwa saa, lakini sheria ni 50 ndani ya mji na 90 kwenye barabara za kawaida nje ya mji, na kamera zipo. Faini hupelekwa kwa mwenye gari, naye humrudishia aliyekodi, mara nyingine pamoja na ada ya usumbufu. Mteja anayetaka kujua gari linafanya nini hasa hana budi kulipia uwanja wa mashindano, kama ule wa Modena, ambako bei ni nyingine na masharti ya bima ni mengine. Wengi wanaochagua barabara hutumia dakika mbili au tatu kati ya kumi nyuma ya lori.

Malori hayo yana maelezo yake. Maranello, Fiorano na Sassuolo ni kitovu cha viwanda vya vigae vya Italia, na barabara zake hupitisha shehena za vigae mchana kutwa.

Kununua hisa badala ya dakika

Mwekezaji mdogo anaweza kuuliza kama si afadhali aweke fedha kwa mwenye kiwanda kuliko kwa jirani yake. Fiat ilichukua nusu ya Ferrari mwaka 1969, ikafikisha asilimia 90 baada ya Enzo kufariki mwaka 1988. Oktoba 2015 hisa ziliuzwa kwa umma New York kwa dola 52 kila moja, na Januari 2016 kampuni ikatenganishwa na Fiat Chrysler na kuorodheshwa Milan pia. Mwaka 2024 bei ilipita dola 400.

Aliyenunua mwanzo amefanya vizuri. Anayenunua baadaye analipia matumaini mengi. Mwisho wa 2024 hisa iliuzwa kwa zaidi ya mara 40 ya faida yake ya mwaka, na gawio kwa mwaka huo lilikuwa yuro 2.986, chini ya asilimia moja ya bei. Bei ya namna hiyo haina nafasi ya kosa. Tarehe 9 Oktoba 2025 kampuni ilitangaza malengo yake ya hadi mwaka 2030. Soko lilikuwa limetegemea makubwa zaidi, na hisa zikaanguka kwa kama asilimia 15 kwa siku moja. Hakuna kiwanda kilichoungua wala gari lililorudishwa. Matarajio tu yalipunguzwa.

Hisa hizo haziuzwi Dar es Salaam wala Nairobi. Anayezitaka hupitia wakala wa nje, hulipa ada, na hubeba mabadiliko ya thamani ya shilingi dhidi ya yuro au dola.

Mwaka 2024 Ferrari ilipata yuro milioni 670 kutokana na udhamini, mashindano ya Formula 1 na biashara za nembo, ikiwa ni kama asilimia 10 ya mapato yote. Tiketi ya makumbusho na kofia nyekundu ya dukani humo ndani huingia kwenye fungu hilo. Dakika kumi za barabarani haziingii.

Kwa wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wanaokwenda Bologna kwa maonyesho ya vigae ya Cersaie kila mwaka, safari yenyewe haihitaji kununuliwa kwa wakala wa ziara. Treni kutoka Bologna hadi Modena huchukua karibu nusu saa, kisha basi hadi Maranello. Ziara kamili kutoka Florence au Milan hujumuisha gari, dereva na faida ya wakala, na dakika za usukani ni zile zile.