Muhula umekwisha, hesabu ifanyike kabla ya Januari

Katikati ya Desemba maktaba za vyuo vya Marekani hujaa hadi usiku wa manane. Ni wiki ya mitihani ya mwisho ya muhula ulioanza mwishoni mwa Agosti, na vijana wetu waliotoka Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura wamo humo, wakimalizia insha na ripoti za maabara kabla ya likizo ya majira ya baridi. Kwa aliyefika mwaka huu, sasa ndio wakati wa kukaa chini na kujihesabu.

Aanze na namna alama zinavyopatikana. Katika vyuo vingi vya Tanzania, kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho, yaani UE, hubeba 60. Mtu akizembea katikati, bado anaweza kukusanya madesa (notisi za masomo), akakesha wiki mbili na kuepuka sapu, yaani mtihani wa marudio. Marekani, katika masomo mengi, alama huanza kuhesabiwa tangu wiki za kwanza: kuchangia darasani, majaribio mafupi, insha, mtihani wa katikati ya muhula. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikiwa kitupu hadi Oktoba, mtihani wa Desemba hauwezi kukijaza. Muhula hupatikana au hupotea mwanzoni.

Wahadhiri huko hutenga saa maalumu kila wiki za kuonana na wanafunzi. Vijana wetu wengi wamelelewa wasimsumbue mwalimu, hivyo mlango hubaki wazi bila wao kubisha hodi. Adabu hiyo ni njema, lakini kuuliza swali mapema ni sehemu ya masomo.

Kisha kuna mwili. Mwenye viza ya F-1 anayesomea shahada ya kwanza anatakiwa kwa kawaida kuchukua angalau krediti 12 kwa muhula, na kazi ya chuoni isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wengi hufanya kazi hizo jikoni au maktabani, kisha hurudi kwenye vitabu. Juu ya uchovu huo huja giza. Mjini Minneapolis, kwa mfano, mwezi wa Desemba jua huzama kwenye saa kumi na nusu jioni, na mchana wake haufiki saa tisa. Aliyekulia karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, huelemewa bila kujua sababu. Si uvivu, na asione aibu kusema.

Njia hii ya kwenda kusoma Marekani ina watangulizi. Septemba 1959, ndege iliyotokana na juhudi za mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, ilipeleka Marekani wanafunzi 81 wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata Mkenya mwenzao, Wangari Maathai, alikwenda Atchison, Kansas, akasoma biolojia na kuhitimu mwaka 1964. Miaka 40 baadaye alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Naye alipitia muhula wa kwanza, mbali na kwao, katika baridi asiyoizoea.

Likizo yenyewe ina ugumu wake. Mabweni ya baadhi ya vyuo hufungwa, nauli ya kurudi nyumbani ni kubwa, na Krismasi humkuta kijana peke yake. Jumuiya zetu zilizoko huko ziwafungulie milango, hata kwa sahani moja ya pilau.

Nanyi wazazi, pigeni simu. Saa kumi na moja jioni ya Afrika Mashariki ni saa mbili asubuhi Minneapolis. Kabla ya kuuliza matokeo, ulizeni kama analala vizuri na kama ana marafiki. Nawe mwanafunzi, andika sasa, kumbukumbu zikiwa mbichi, kilichokusaidia na kilichokuangusha. Muhula mpya unaanza Januari, na wiki zake za mwanzo ndizo za kuzilinda.