Ombi kwa ajili ya samaki mdogo

Eulachon ni samaki mdogo mwenye mafuta mengi: ukimkausha, anawaka kama mshumaa. Anatoka baharini, anapita mdomo wa mto Columbia, Marekani, kwenda kutaga mayai mtoni. Mwaka 1993 mavuno yalianguka. Mwaka 2007 serikali ya kabila la Cowlitz, wenye wazee wao walimvua, iliandika ombi alindwe. Sheria ya 1973 inaruhusu mtu yeyote kuomba, na serikali kuu inalazimika kujibu. 2010, kundi la kusini likapewa ulinzi. Miaka 17 tangu nyavu zilipoanza kurudi tupu! Mimi niliyesoma agronomia nasema: wenye wanaishi kando ya maji njo wanaona kwanza. Wahesabu, waandike mapema.