NUNDU INADUNDA? WEKA WEMBE CHINI!

Wiki hii tuyape likizo mambo ya mapenzi, tuongelee kichwa. Sio akili, nina maana ya ngozi yenyewe!

Kwetu Nkololo, wilayani Bariadi, kuna mshikaji wangu alianguka na baiskeli akiwa amepakia mzigo wa pamba. Usukani ukamgonga kwenye panja, pale kati ya jicho na sikio. Hakuchanika wala hakuzimia. Akajipangusa vumbi, safari ikaendelea.

Wiki kama tatu baadaye, palepale pakaota nundu. Washauri wa kijiweni wakakata kauli: jipu hilo, lipasuliwe! Wembe nikanunua mimi mwenyewe. Bahati nikaweka kidole kwanza. Mama yangu! Ilikuwa inadunda, du, du, du, sawa na moyo. Nikamwambia, "Kaka, jipu gani hili lenye mapigo? Twende hospitali."

Huko Mwanza alipigwa ultrasaundi, na daktari akatufungua macho. Mbele ya sikio hupita ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, ikipanda hadi kwenye panja. Imelala juu ya mfupa, haina kinga kubwa zaidi ya ngozi. Ikigongwa, ukuta wake unaweza kuchanika kidogo, damu ikavuja na kujijengea kifuko pembeni. Kifuko hicho mara nyingi hujitokeza wiki 2 hadi 6 baadaye, wakati ajali imeshasahaulika. Wengine ateri yao huungana moja kwa moja na vena, mshipa wa kurudisha damu. Hapo mishipa huvimba na kujisokota chini ya nywele, na mwenyewe anaweza kusikia mvumo sikioni.

Usianze kukosa usingizi, haya hutokea kwa nadra. Nundu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Inayokua na kudunda, ndiyo ya kuikimbizia hospitali. Ukiipasua kwa wembe umefungulia bomba! Ikipasuka kwa bahati mbaya, gandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia, na mbio kwa daktari.

Tiba yake mara nyingi ni operesheni ndogo: ateri inafungwa, kifuko kinatolewa. Kichwa kina mishipa mingi, iliyobaki huendelea kuilisha ngozi.

Leo mshikaji ana kovu dogo tu na baiskeli anaendesha kama kawa. Na ule wembe? Nilinyolea ndevu.