Ratiba ya muhula wa pili hupangwa likizo, wazazi tuwahi kabla ya kengele

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti

IJUMAA ya kwanza baada ya shule kufunguliwa mwezi Julai, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alinifuata katika ofisi ya msikiti mara baada ya swala. Alikuwa bado na sare, na daftari la hisabati kwapani. Tulipokwisha kusalimiana alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Ustadhi, leo nimekuja kuswali. Ijumaa ijayo sijui kama nitakuja."

Nilidhani ana tatizo la nyumbani. Haikuwa hivyo. Muhula wa kwanza, kipindi chao cha saba siku ya Ijumaa kilikuwa cha dini na cha nane kilikuwa cha michezo. Vijana wa Kiislamu walitoka saa 6:30, wakaja msikitini, wakarejea bila kukosa somo lolote. Muhula wa pili ulipoanza walikuta ratiba mpya. Ijumaa, kuanzia saa 6:30 hadi saa 7:50, ni hisabati, vipindi viwili mfululizo.

Hakuna mwalimu aliyemkataza kuja kuswali. Ruhusa ilikuwa palepale. Lakini kila Ijumaa atakayokuja, wenzake watakuwa wanafundishwa somo lile lile linalomsumbua kuliko yote. Tulichukua karatasi tukapiga hesabu. Dakika 80 kwa wiki, tukikadiria wiki 18 za masomo, ni dakika 1,440. Hizo ni saa 24 kamili za hisabati, kwa mtoto anayetarajia kufanya mtihani wa taifa mwaka unaofuata.

Ndugu msomaji, kijana huyo amebaleghe. Swala ya Ijumaa ni wajibu wake, na aya ya 9 ya Surat al-Jumu'ah imewaamrisha waumini waache biashara pale wito unaponadiwa. Nilimkumbusha hayo, naye anayajua. Hata hivyo niliona haya kumwacha aondoke na mawaidha matupu, ilhali sisi watu wazima tulikuwa hatujafanya lolote.

Kosa langu

Jioni ile nilifanya kosa ambalo naliandika hapa ili katibu mwingine asilirudie. Baada ya Isha nilisimama mbele ya waumini nikatangaza kwamba shule imewaondolea vijana wetu swala ya Ijumaa. Nilisema hivyo kabla sijakanyaga shuleni. Watu walihamaki, na baadhi wakapendekeza twende kwa wingi Jumatatu asubuhi.

Mzee mmoja wa kamati, mwalimu mstaafu, ndiye aliyetutuliza. "Katibu," aliniuliza, "ratiba yenyewe umeiona?" Nikamjibu kuwa sijaiona. "Basi nenda kaione kwanza. Ratiba haina mdomo, lakini ukiisoma vizuri utaijua shida ya aliyeipanga."

Jumatatu nilikwenda peke yangu. Mwalimu wa taaluma alinipokea kwa heshima na kunionesha ukutani karatasi kubwa za manila zilizounganishwa, zimejaa vyumba vidogo vya penseli vilivyofutwa na kuandikwa tena. Pale nilifahamu kwamba nilimdhulumu kwa maneno.

Kwa nini ratiba hubadilika Julai

Wazazi wengi tunadhani ratiba ya Januari ndiyo ya mwaka mzima. Sivyo. Shule zetu za sekondari zina mihula miwili, wa Januari hadi Juni na wa Julai hadi Desemba, na baina ya mihula hiyo mambo mengi huhama.

Kwanza, walimu. Likizo ya Juni huja na uhamisho, likizo za uzazi na ruhusa za kwenda masomoni. Katika shule hii mwalimu mmoja wa hisabati alikuwa amehamishwa. Uongozi ukampata mwalimu wa muda anayefundisha pia shule nyingine, na siku zake za kuja hapa ni Alhamisi na Ijumaa tu. Hapo ndipo hisabati ya Kidato cha Tatu ilipoangukia Ijumaa mchana.

Pili, madarasa. Katika shule zenye Kidato cha Tano na cha Sita, wanafunzi wa Kidato cha Sita hufanya mtihani wao mwezi Mei na kuondoka, na Kidato cha Tano kipya huingia Julai. Vyumba, maabara na walimu hugawanywa upya. Kwa miaka hii limeongezeka la mtaala ulioboreshwa, ambao umeingizwa hatua kwa hatua kuanzia Januari 2024. Mwalimu wa taaluma hujikuta akipanga masomo ya mitaala miwili chini ya paa moja.

Tatu, mitihani. Upimaji wa Kidato cha Pili na mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika mwezi Novemba. Kwa hiyo muhula wa pili madarasa hayo hupewa saa za asubuhi, wakati akili zingali nyepesi, na madarasa mengine husukumwa mchana.

Yote hayo hupangwa wakati wanafunzi wako likizo. Kengele ya kwanza ya Julai inapolia, penseli imekwisha kuwekwa chini. Sisi kwa desturi yetu hufika wiki ya tatu tukiwa na malalamiko.

"Ninyi mnatoka saa ngapi?"

Nilipomweleza mwalimu haja yetu, hakukataa. Aliniuliza swali moja: "Ustadhi, ninyi swala yenu huanza saa ngapi, na mnatoka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Katika msikiti wetu khatibu mmoja hupanda mimbari saa 6:40, mwingine saa 7:00. Kuna Ijumaa tunatoka saa 7:20, na kuna Ijumaa tunatoka karibu na saa 8:00. Tulikuwa tunaidai shule ipange muda wake kwa dakika, nasi wetu hatujaupanga.

Nilirudi kwenye kamati na swali hilo, na tukafungua kalenda ya nyakati za swala. Jua nalo lina ratiba yake. Hapa Dar es Salaam, katikati ya Februari jua hupinduka kiasi cha saa 6:37 mchana. Mwanzoni mwa Novemba hupinduka mapema, kiasi cha saa 6:07. Tofauti ni nusu saa nzima. Msikiti unaofuata adhana ya Adhuhuri kila wiki utaitatiza shule, kwa kuwa ratiba ya shule haisogei na jua.

Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba saa 6:45 ni salama mwaka mzima, kwani wakati huo jua limekwisha kupinduka katika miezi yote. Tulikubaliana kwamba khatibu apande mimbari saa 6:45 na swala iishe si zaidi ya saa 7:20, masika na kiangazi. Mwanafunzi atakuwa darasani kabla ya saa 7:50, kipindi cha tisa kinapoanza. Makhatibu wawili hawakufurahi mwanzoni. Mzee wetu mwalimu mstaafu akawaambia kuwa khutba fupi ni katika sunna, na wakanyamaza.

Kipindi kimoja huhamisha vitano

Tulipeleka barua yenye muhuri wa msikiti, ikieleza saa ya kuanza, saa ya kumaliza na idadi ya wanafunzi wanaohusika. Mwalimu wa taaluma akakaa na wenzake.

Hisabati ya Kidato cha Tatu ilipandishwa hadi kipindi cha tano na cha sita siku hiyo hiyo ya Ijumaa, ambapo mwalimu wa muda alikuwa na nafasi. Baiolojia iliyokuwa hapo ikabidi ihame, na mwalimu wake akaridhia vipindi vyake viwili vitengane, kimoja Jumatatu na kingine Jumatano. Kujisomea kwa Jumatatu na kipindi cha dini cha Jumatano vikaletwa Ijumaa mchana. Kwa kuwa wanafunzi Wakristo nao husoma dini yao saa hiyo hiyo, mwalimu wao alipigiwa simu, naye akakubali kubadili siku. Kipindi cha dini cha Waislamu wa darasa hilo nacho tulikubali kukifundisha wenyewe msikitini kila Jumamosi asubuhi, ili Ijumaa iwe ya swala.

Ratiba hiyo ilianza wiki ya nne ya muhula. Katika Ijumaa mbili za kungoja, kijana wetu alikuja kuswali zote mbili, na yule mzee akamfidia hisabati barazani kwa msikiti kila baada ya Maghrib.

Kidato cha Nne hatukufanikiwa. Maabara ni moja, na mazoezi ya kemia yamebaki Ijumaa mchana mpaka mitihani. Vijana wale huja kuswali, kisha hubaki shuleni hadi saa 9:00 kurudia walichokikosa. Tumeahidiwa kuwa suala hilo litatazamwa katika ratiba ya Januari.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mahali pale pale niliposimama mara ya kwanza, nikawaomba radhi waumini kwa tangazo langu, na nikamtaja mwalimu wa taaluma kwa wema. Nilimwomba radhi yeye pia, ofisini kwake.

Na mabinti zetu je?

Swala ya Ijumaa si wajibu kwa mabinti, ila Adhuhuri ni wajibu wao kama ilivyo kwa wengine, na madrasa ya jioni ni haki yao. Muhula wa pili huja na vipindi vya ziada vya saa 9:00 hadi saa 11:00. Wakati huo huo jioni za Julai ni fupi: hapa Dar es Salaam jua huzama takriban nusu saa mapema kuliko mwishoni mwa Januari. Binti anayetoka shuleni saa 11:00, akapanda daladala na kufika nyumbani Maghrib imekaribia, madrasa imekwisha kumpita. Mzazi humwona mvivu wa Qur'ani, kumbe ni ratiba mbili zilizogongana juu ya kichwa cha mtoto mmoja.

Sisi tumehamishia darasa la mabinti wa sekondari Jumamosi na Jumapili asubuhi. Wamerudi karibu wote.

Wazazi tufanye nini?

Katika wiki ya kwanza ya kila muhula, mwombe mwanao ainakili ratiba yake, kisha ibandikeni ukutani nyumbani. Tazameni Ijumaa kuanzia saa 6:30, na tazameni jioni zote. Mkiona tatizo, mwoneni mwalimu wa taaluma kwa upole kabla ya kwenda kwa mwingine yeyote.

Kamati za misikiti nazo zisingoje malalamiko. Barua ifike shuleni mwanzoni mwa Juni na katikati ya Novemba, kabla ratiba haijapangwa. Iwe na saa kamili za swala ya Ijumaa, na msikiti uzitekeleze. Iulize pia kama shule ina mwalimu wa kipindi cha dini, na kama hana, msikiti umtoe. Kipindi kisicho na mwalimu ndicho cha kwanza kufutwa nafasi inapobana, na hapo hatuna wa kumlaumu.

Barua yetu ya Novemba imekwisha kuandikwa. Nimempa kijana yule aipeleke, kwani yeye ndiye aliyetuamsha. Alipoipokea aliniuliza kama anaruhusiwa kuisoma. Nikamwambia aisome, na akikuta saa tulizoandika si sahihi airudishe.

Allah atuwafikishe sisi na watoto wetu, na awalipe kheri walimu wanaotusikiliza. Wabillahi tawfiiq.