Mzee Ameingia Pensioni, Chungu Chake Je?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya kofia ya kazi, viatu vya kazi na miwani ya kulinda macho. Leo tuache mashine, tuingie jikoni. Tunataka kuzungumza na wazee wetu waliokwisha kuingia pensioni, na pia na mabinti na wakwe zao, maana siku hizi hao ndio wanaoshika mwiko.

Uliza mzee yeyote wa Panda, wa Kikula au wa Shituru akusimulie chakula cha zamani. Hataanza na nyama ya sikukuu. Ataanza na posho. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na baadaye Gécamines iliyoshika mahali pake baada ya mwaka 1967, ziliwapa wafanyakazi wao chakula: unga wa mahindi, maharagwe, karanga, samaki wakavu, mafuta ya mawese, chumvi. Mama alipanga mstari na beseni, watoto nyuma yake na mfuko. Siku hiyo kambi nzima ilinuka samaki. Wazee wanasimulia hayo wakicheka, na wana haki ya kucheka, kwa sababu posho ilikuwa heshima ya nyumba. Kisha ikaja miaka ya taabu ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Posho ilikwisha. Namna ya kula ilibaki.

Sisi wa dispensari tunakutana na jambo hilo kila juma. Fikiri kidogo. Mtu aliyesimama mbele ya tanuru, au aliyesukuma toroli tangu asubuhi, alitoka jasho hata shati likakauka na alama nyeupe mgongoni. Alama ile ni chumvi. Mwili wake uliitoa, na tumbo lake liliunguza bukari yote aliyokula. Leo mtu yule yule anaketi chini ya mwembe na redio yake. Jasho hakuna. Lakini sahani ni ile ile: mlima wa bukari, bitoyo, mafuta yanayoelea, na chumvi ya kuongeza mezani hata kabla ya kuonja. Chumvi inavuta maji ndani ya damu, mishipa inakazwa, moyo unasukuma kwa nguvu. Hiyo ndiyo tansio.

Tansio haipigi hodi. Mzee anasema, «Mimi sisikii kitu, kichwa hakiniumi.» Ni kweli hasikii kitu. Anaweza kukaa hivyo miaka kumi, mpaka siku moja asubuhi mdomo unakwenda upande, mkono unaanguka, maneno yanatoka kama ya mlevi. Ukiona hayo, usimpake dawa, usimpe maji ya kunywa, usingoje kesho: mpeleke hospitali saa ile ile. Majirani watasema amerogwa. Waache waseme, wewe tafuta gari.

Sasa tuje kwenye chungu. Mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ndani ya kijiko hicho hesabu yote: ya mboga, ya samaki, ya mkate, na ya kibu. Ndiyo, kibu pia! Karibu nusu ya kibu cha Maggi, au zaidi, ni chumvi. Mama anayetia vibu viwili katika sufuria ndogo kisha anaongeza chumvi «kidogo tu», amekwisha kupita kipimo bila kujua.

Bitoyo hatuvikatazi. Nani angetusikia? Lakini vikate vipande, viloweke usiku kucha katika maji mengi, mwaga maji asubuhi, loweka tena, kisha vichemshe na kumwaga maji yale. Ukivipika, usitie chumvi kabisa. Iliyobaki ndani yatosha. Ndakala waliotiwa chumvi nao waoshe hivyo hivyo.

Sombe ina siri yake. Itwangwe vizuri, ichemshwe muda mrefu bila kifuniko, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kwa moto. Wengi, ili kupunguza makala ya mbabula, wanatia bikarbonati iive upesi. Mwenye tansio ajue: ndani ya bikarbonati mna kitu kile kile kilichomo katika chumvi kinachopandisha damu. Afadhali kutwanga zaidi.

Na lengalenga? Hiyo ndiyo mboga ya mzee, na ni rahisi. Kaanga kitunguu katika kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya mbili, tia majani, na mwishoni karanga zilizotwangwa, ngumi moja. Kamulia ndimu, weka pilipili kama anaipenda. Ulimi unaotafuta chumvi unadanganywa na ndimu. Juma la kwanza mzee atanung'unika kwamba mmempa chakula cha wagonjwa. Baada ya majuma machache ulimi unazoea, na mboga ya jirani ndiyo itakayomwonekea kali. Tafadhali msimpikie chungu cha peke yake! Mzee anayelishwa pembeni anajiona mzigo, naye atakwenda kula kwa siri. Nyumba yote ile chungu kimoja chenye chumvi kidogo. Wajukuu nao watafaidika.

Bukari ipungue, mboga izidi. Hapo hatuna mengi ya kusema.

Ila juu ya majani na unga kuna neno moja la mji wetu. Likasi ni mji wa shaba na kobalti, na vumbi lake halikai kiwandani tu. Linaanguka juu ya bustani, na juu ya muhogo na mahindi yanayoanikwa kando ya barabara, kisha linaingia tumboni pamoja na chakula. Osha majani mara tatu katika maji safi kabla ya kuyakata. Anika juu ya meza au turubai lililoinuliwa, mbali na njia ya malori. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Hakuondoi kilichopandishwa na mizizi, kwa hiyo usilime mboga karibu na mabaki ya kiwanda wala kwenye mfereji wa maji yake machafu.

Waliokwisha kupewa vidonge vya tansio wavinywe kila siku, hata wakijisikia vizuri. Chakula kinasaidia dawa, hakishiki mahali pake. Na kila mwenye miaka arobaini na zaidi apimwe, mume na mke pamoja. Ukisikia muuguzi anasema 14 kwa 9 au zaidi, utaambiwa urudi kupimwa siku nyingine kabla ya kuandikiwa dawa. Siku ya kuja usivute sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa ya mwisho, keti dakika tano upumue, na ulete vidonge vyote ulivyo navyo nyumbani, hata vile ulivyopewa na shemeji.