Chama cha Watu wa Ufukoni na Kazi Yake

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za vyama vya watu wakaao ufukoni, yaani jinsi wavuvi, wachuuzi na majirani zao wanavyokutana na kuyakata mashauri yao wenyewe. Habari hizi zawafaa watu wa pwani na wa maziwa, na hata watu wa bara, kwa kuwa malisho, msitu na kisima cha kijiji vina taabu ile ile iliyo nayo bahari.

Taabu yenyewe ni hii. Shamba lina mwenyewe, na apandaye mahindi ajua ya kuwa atavuna yeye. Lakini mvuvi akimwacha samaki mdogo apate kukua, hana hakika ya kumwona tena, maana huenda jirani yake akamvua kesho alfajiri. Basi kila mtu hufanya haraka, macho ya nyavu huzidi kuwa madogo, na mwisho wake wote hurudi na vikapu vitupu. Wanaofanya hivyo si watu wabaya, ila ni watu wenye haja ambao hawajapatana.

Kwa ajili hiyo Serikali za Afrika Mashariki ziliona ya kuwa askari peke yake hawezi kuilinda bahari, akaitwa mwenyeji ashike kazi pamoja naye. Katika Tanzania bara sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 ilivitaja vyama vya ufukoni, na katika Kenya kanuni zake zilitoka mwaka 2007. Vyama hivi hujulikana zaidi kwa herufi tatu, BMU. Kila mwenye kazi ufukoni hutakiwa kuandikishwa, na mkutano wa wote walioandikishwa ndio mkubwa wa chama. Mkutano huo huchagua kamati, nayo huwa na watu wa kila namna: wenye vyombo, mabaharia wasio na chombo, wachuuzi na wengineo, wanawake wakiwamo.

Huenda mtu akauliza, Kwa nini kamati ichanganywe hivyo? Jibu ni kwamba watu wa ufuko mmoja hawana haja moja. Mwenye chombo ataka chombo chake kishuke kila siku ili nyavu zilipe gharama. Baharia ataka fungu lake lisipunguzwe. Mama karanga, ambaye hununua samaki ufukoni na kuwakaanga apate kuwauza, mara nyingi hutegemea samaki wadogo, kwa kuwa wale wakubwa huchukuliwa na matajiri wenye fedha. Basi kamati ikipiga marufuku juya na nyavu za macho madogo, imefanya jambo jema kwa bahari, lakini siku ile ile imeyagusa makaango ya mama karanga. Kama hayupo barazani hapana atakayelisema jambo hilo, naye hatakuwa na sababu ya kuilinda amri ambayo hakuulizwa.

Tutoe mfano mmoja wa kweli. Upande wa kaskazini wa Mombasa, karibu na Vipingo katika Kilifi, pana mahali paitwapo Kuruwitu. Wazee wa huko waliiona bahari yao ikizidi kuharibika. Nyavu zilizokatazwa zilitumika, samaki wa urembo walichukuliwa wakauzwa mbali, na mwaka 1998 joto la maji lilizidi hata matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Samaki wengi hupata nyumba na chakula katika matumbawe. Matumbawe yakifa, samaki huhama au hupungua.

Mwaka 2003 watu wa Kuruwitu wakafanya chama cha hifadhi na maslahi ya watu wao. Mwaka 2005 wakatenga sehemu ya bahari ya hekta 30, wakapatana ya kuwa ndani yake asivue mtu yeyote. Mahali pa namna hiyo huitwa tengefu, na hilo lilikuwa la kwanza katika Kenya kufanywa na wenyeji wenyewe penye matumbawe.

Yafaa tufikiri jinsi neno hilo lilivyokuwa zito. Mtu wa mshahara akiambiwa angoje, mwisho wa mwezi bado atapata posho yake. Mvuvi akiambiwa asivue pale alipovua baba yake, chakula cha jioni kimeguswa. Tena hakuna aliyeweza kumwonyesha faida kwa macho, maana faida ilikuwa bado chini ya maji. Wengine husema kwamba kufunga sehemu ni kuwanyima maskini ili wageni wapate kutazama samaki. Neno hili si la kudharauliwa, maana wapo wasio na chombo, wanaokwenda kwa miguu mwambani maji yanapokupwa ili kutafuta pweza, nao hawawezi kwenda mbali kama wenye ngalawa. Sehemu iliyo karibu ikifungwa, hao ndio hupoteza kwanza.

Sasa tueleze faida inavyokuja. Samaki mkubwa hutaga mayai mengi kupita samaki mdogo, mara nyingi zaidi. Akiachwa akue mahali pasipo nyavu, mayai yake huchukuliwa na mikondo ya maji hata nje ya mpaka, na samaki wenyewe nao hutoka wakizidi kujaa. Mvuvi hukaa karibu na mpaka akawangoje. Kwa hiyo tengefu ni kama ghala ya mbegu: mwenye akili hali mbegu zake zote, hata mwaka wa njaa. Huko Kuruwitu samaki walirudi, wakubwa kuliko wa kwanza na wa namna nyingi. Wageni wanaokuja kuogelea hulipa ada. Na wenyeji wamejifunza hata kupandikiza vipande vya matumbawe vikaota tena. Mwaka 2017 chama hicho kilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize, na fuko nyingine za pwani zimefanya matengefu yao.

Mfano wa pili uko kusini ya Mombasa, katika ghuba ya Gazi, nchi ya Kwale. Mikoko ya huko ilikatwa sana kwa kuni za viwanda na kwa boriti, hata sehemu nyingine zikabaki wazi, kisha ikaanza kupandwa tena. Tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja. Mikoko huvuta hewa chafu na kuifungia katika miti na matope, na watu wa nchi za mbali hulipa fedha ili kazi hiyo iendelee. Fedha hizo hazigawanywi mkononi kwa kila mtu. Wanakijiji hukutana wakachagua kazi ya kufanywa nazo, na kwa njia hiyo wamepata maji ya bomba na msaada kwa shule. Mama achotaye maji karibu na mlango wake haulizi tena mikoko ina faida gani.

Hata hivyo tusidanganyane. Chama cha ufukoni chaweza kufa, na mara nyingi ugonjwa wake ni mmojawapo wa hii mitatu: kamati kula fedha za ada, amri kumwangukia mnyonge na kumwacha ndugu wa mwenyekiti, au watu kuacha kuja mkutanoni hata mashauri yakakatwa na wachache. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu ya ada na ya samaki isomwe mbele ya wote, si kufungiwa sandukuni.

Basi mabwana machifu twawasihi wasiwachagulie watu kamati, bali wahakikishe ya kuwa uchaguzi umekuwa wa haki, na kamati ikimkamata mvunja amri wasiiache peke yake. Nanyi walimu mwaweza kusaidia sana kwa kuwafundisha makarani wa vyama kuandika daftari, na kwa kuwasomea kanuni wale wasiojua kusoma. Na kila mkutano, kabla haujatoa amri ya kufunga mahali au kukataza chombo fulani, na uulize swali hili moja: Ni nani atakayekosa chakula kesho kwa ajili ya neno hili, naye yupo hapa barazani? Kama hayupo, aitwe kwanza, na shauri lingoje hata afike.